Ukiunganisha Ncha, Mpaka Haujaondoka

"Mwalimu, mipaka nimeshaiondoa, nimeweka masharti ya kujirudia." Ni kauli ya wanaokokotoa tungamo la chembe kama protoni kwa latisi, yaani gridi ya nukta ndani ya kompyuta inayosimama badala ya anga na muda. Nimeisikia kwa wanafunzi wa Tunguu, nikaisikia kwa kijana wa Chake Chake anayenitumia grafu zake kwa WhatsApp usiku wa manane, na juzi nikaisikia kwa mtu mzima mwenye shahada ya pili. Nimechoka nayo. Naiandika mara moja, na atakayenambia tena nitamtumia hii.

Dhana: nukta ya mwisho ikiungana na ya kwanza, latisi haina mpaka, na hesabu haina athari ya mpaka.

Kilichoondoka ni ukuta tu. Sanduku limebaki na udogo wake. Pioni, chembe nyepesi ambayo protoni huitoa na kuimeza tena, ikitoka upande mmoja, inazunguka sanduku zima na kumrudia aliyeitoa, kwa hiyo protoni inaingiliana na nafsi yake. Tungamo unalolisoma kwenye koreleta, yaani grafu ya jinsi ishara ya chembe inavyofifia kwa muda, si la protoni iliyo huru, ni la protoni iliyofungiwa. Mwanafizikia Martin Lüscher alilionesha hili mwaka 1986: kwa chembe moja thabiti, kosa hupungua takriban kama e^(−mL), ambapo L ni urefu wa sanduku na m ni tungamo la pioni, iliyo nyepesi kuliko hadroni zote, yaani chembe zilizoundwa kwa kwaki.

Hapo ndipo ninapojibiwa, "Basi nitapunguza a." La hasha! Herufi a ni nafasi kati ya nukta na nukta, L ni urefu wa sanduku, na kila moja ina kosa lake. Mcheza bao hahitaji kuelezwa: kete zake huzunguka mashimo yake 16 na kurudi zilikoanzia, na ukichonga mashimo madogo zaidi kwenye ubao ule ule, ubao haukurefuka.

Tupige hesabu. Una nukta 24 kila upande, a ni femtomita 0.1, kwa hiyo L ni 2.4. Pioni halisi ina tungamo la MeV 135 hivi (MeV ni kipimo cha nishati, nasi hupimia tungamo). Zidisha kwa L, gawa kwa 197.3 inayooanisha MeV na femtomita, unapata mL ya 1.64, na e^(−1.64) ni karibu 0.19. Sasa punguza a hadi 0.05 na uweke nukta 48. Kompyuta imeunguruma wiki nzima, umeme umekatika na kurudi, na mL ni ile ile 1.64! Wenye kazi hii wamezoea kutaka mL isipungue 4. Hiyo ni desturi tu, haikuandikwa popote kuwa sheria, lakini ni desturi nzuri. Kwa pioni halisi inataka L ya karibu femtomita 5.9, yaani nukta 59 kwa a ya 0.1. Kwa pande zote tatu, nukta za anga zinakuwa karibu mara 15 ya zile za sanduku la 24. Ghali, ndiyo. Lakini usinijie na L moja. Endesha mbili, a ile ile, uone tungamo linasogea kiasi gani. Asiye na L mbili kwangu hana jibu, ana namba.

Dhana: athari zote za sanduku hupungua kwa e^(−mL).

Za chembe moja, sawa. Chembe mbili ndani ya sanduku hukutana tu, na nishati yao husogea kwa kiasi cha 1/L³. Wala hiyo si kero: kutokana na msogeo huo Lüscher alitupa njia ya kusoma jinsi chembe zinavyotawanyana. Ukiingiza sumakuumeme ndiyo balaa zaidi, maana fotoni, chembe ya mwanga, haina tungamo la kukukinga, na kosa hupungua kwa vipeo vya 1/L. Tena, kwa sheria ya Gauss, sanduku la kujirudia halikubali chaji isiyosawazishwa.

Dhana: kugeuza alama (jumlisha kuwa toa) ya fermioni, yaani chembe za maada kama kwaki, kwenye mpaka wa muda ni hiari ya mwandika programu.

Si hiari. Inatokana na kutaka jumla ya hali zote katika halijoto T, na T ni 1 gawa kwa urefu wa muda. Na kwa kuwa muda nao unajirudia, koreleta ya pioni ina wimbi la kwenda na la kurudi: tumia cosh, inayobeba yote mawili. Anayelazimisha e^(−mt) moja mpaka katikati ya latisi asishangae mstari ukimkataa.

Dhana: mipaka iliyo wazi, yaani ncha zisizounganishwa, ni ya wavivu.

Mwaka 2011 Lüscher na Stefan Schaefer waliipendekeza kwa upande wa muda kwa sababu nzito. Ukishuka chini ya femtomita 0.05 hivi, chaji ya topolojia (namba inayohesabu jinsi uga ulivyojizungusha) kwenye sanduku la kujirudia hunasa, na uigaji wa kompyuta hukaa kwenye thamani moja muda mrefu mno. Ncha zikiwa wazi, chaji hiyo huingia na kutoka. Gharama yake ni kwamba vipimo vya karibu na ncha zote mbili haviaminiki, hivyo tungamo lipime katikati, mbali nazo.