Je, wajua kwa nini gari linalovuta kwa mbele hukataa kona?

Ingiza Vitz kwenye kona kwa kasi, uwanjani (barabarani usijaribu), kisha kanyaga mafuta. Umekata usukani kushoto, lakini pua ya gari inakwenda zake moja kwa moja hadi ukingoni. Mwanafunzi hufanyaje? Huzidi kukata usukani, na gari huzidi kumpuuza.

Tairi za mbele za gari la namna hii ndizo punda wa nyumba. Zinavuta, zinageuza, zinabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na juu yake zimewekewa injini na giaboksi, kiasi kwamba mara nyingi asilimia 60 hivi ya uzito wa gari iko mbele. Mshiko wa tairi una kikomo. Ukiumaliza kwa kuvuta, wa kugeuzia haubaki. Kukata usukani zaidi hapo ni kumdai aliyefilisika.

Dawa ni kulegeza mafuta kidogo. Uzito huhamia mbele, tairi hushika, pua hurudi kwenye mstari. Kidogo, nimesema! Ukiachia ghafla katikati ya kona, nyuma hubaki kwepesi na mkia huchomoka. Hapo mguu utatamani breki, nayo ndiyo itakayokuzungusha kama pia. Elekeza usukani kule mkia unakokwenda, kisha kanyaga mafuta taratibu: mbele ikivuta, nyuma hufuata. Kwangu mimi hili ndilo somo gumu kuliko yote, maana ni kuongeza mafuta wakati roho iko mkononi.

Erik Carlsson, dereva wa mbio za magari kutoka Sweden, aliigeuza tabia hii ya mkia kuchomoka kuwa silaha. Saab 96 yake ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 841 tu, ambayo nguvu zake zilipotea mizunguko ya injini iliposhuka. Basi mguu wa kulia ulibaki kwenye mafuta, wa kushoto ukagusa breki, mkia ukazunguka kidogo na gari likatoka kona limeshaelekea linakokwenda. Alishinda mbio za magari za Monte Carlo 1962 na 1963, na mwaka 1964 akashika nafasi ya pili katika mbio za Safari ya Afrika Mashariki.

Ukitaka kumwiga, anzia sehemu iliyonyooka na tupu. Mguu wa kushoto umezoea klachi. Mara ya kwanza utakanyaga breki kama unaua nge, na aliyekaa pembeni yako ataijua dashibodi kwa karibu.