Nyumba ya Kushiriki Choo na Jikoni: Sheria Inamtaka Nini Mwenye Nyumba

Wenye nyumba wanaonijia kwa ushauri wa mipango ya miji, hasa wale wanaotaka kugeuza nyumba ya familia pale Ngara au Roysambu, jijini Nairobi, kuwa hosteli, huanza kwa kuuliza leseni huombwa ofisi gani. Huwajibu kwamba Kenya haina leseni moja iliyotungiwa nyumba ambamo watu wasio wa familia moja hutumia choo na jikoni kwa pamoja. Kuna vibali kadhaa, kila kimoja kikitazama upande wake, na hakuna kinachoendelea kuhesabu watu wanaolala humo.

Cha kwanza ni ruhusa ya kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huyachukulia mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo kuwa uendelezaji, kwa hiyo anayefungua hosteli bila ruhusa katika nyumba iliyoidhinishwa kwa familia moja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Kibali cha biashara nacho kinahitajika. Halafu kuna ushuru: anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za kodi kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, na risiti ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ningependa hili lieleweke vizuri, haihalalishi jengo.

Pengo kubwa liko kwenye cheti cha kukaliwa kwa jengo. Hutolewa ujenzi unapokamilika, mkaguzi akiwa ameona sebule yenye madirisha mawili. Baadaye sebule hiyo hukatwa kwa mbao ikawa vyumba vitatu, kimoja kikiwa hakina dirisha kabisa, vitanda vya ghorofa vikaingizwa, na choo kikabaki kilekile kimoja. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, huutambua msongamano unaodhuru afya kuwa kero inayoweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani, lakini mara nyingi afisa wa afya hufika baada ya malalamiko, na mpangaji anayehofia kufukuzwa halalamiki.

Uingereza imeanzia kwa watu wenyewe. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, nyumba yenye wakaaji watano au zaidi kutoka kaya mbili au zaidi, wanaoshiriki choo, bafu au jikoni, lazima iwe na leseni. Tangu Oktoba 2018 idadi ya ghorofa za jengo haizingatiwi tena, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51, au 10.22 kwa wawili. Leseni hiyo hudumu hadi miaka mitano na hutaja idadi ya juu ya wakaaji, na asiyekuwa nayo anaweza kuamriwa awarudishie wapangaji kodi yao. Vipimo vyao si lazima tuvichukue, kwa kuwa ardhi na vipato vyetu ni tofauti, ila idadi iliyoandikwa ndiyo ningependa kaunti yetu iidai, kwa sababu bila hiyo mpangaji na mkaguzi hawana pa kushikia hoja yao.

Kwa sasa nawasihi wateja wangu waiandike idadi hiyo katika mkataba wa kila mpangaji, na anayetaka kuiongeza apeleke ramani mpya kaunti kabla ya kumwita seremala.