Kabla ya kupima mlio, lisukume boksi

Kijana akija kwenye karakana ya chuo chetu na mchoro wa spika kubwa za sebuleni, hadithi yake huwa ni besi. Atataja wufa, yaani spika za besi, za inchi 12, atataja wati, na boksi alilochora litakuwa refu, jembamba, la kupendeza macho. Mimi humuuliza kama nyumbani kuna mtoto anayeanza kusimama.

Mtoto wa umri huo husimama kwa kushika kilicho mbele yake, na boksi la spika limejaa vya kushika: ukingo wa wufa, kitambaa cha mbele, halafu lile tundu la hewa la sentimita 10, ambalo likiwa karibu na sakafu ni ngazi kamili. Hilo sikulijua darasani. Niliingia sebuleni kwangu nikamkuta binti yangu ametia mguu tunduni, mikono yote miwili iko kwenye wufa, safari imeanza. Ukingo wa nyuma wa boksi ulikuwa umeshaachana na sakafu. Niliwahi kulidaka. Jioni hiyo muziki haukupigwa. Nilikaa na futi na karatasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, kimo sentimita 110, upana 40 na kina 30, likishatiwa wufa mbili na mbao za kulikaza ndani, linakaribia kilo 40. Mafundi wengi huona uzito huo ndio usalama wake. Lakini kwa kina cha sentimita 30, uzito wote umekaa sentimita 15 tu kutoka ukingo wa mbele, tena pungufu kidogo, kwa kuwa sumaku za wufa zimeelemea upande huo. Mtu akilishika kwenye kimo cha sentimita 80 akalivuta mbele, nguvu ya kilo saba na nusu inatosha kuling'oa. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi.

Dawa ya kwanza ni kitako. Kata ubao mpana, uufunge chini kwa skrubu na gundi, utokeze sentimita 8 mbele na nyuma. Ile nguvu ya kilo saba na nusu inapanda hadi kumi na moja na nusu. Ukitenga chumba kidogo chini kabisa ya boksi ukakijaza kilo 10 za mchanga mkavu, unafika kama kumi na nne. Ni nafuu kubwa, na besi haidhuriki, ila mimi bado silali usingizi kwa kilo kumi na nne. Funga engo ya chuma juu ya boksi na uibane ukutani kwa fisha (vile vishikizo vya skrubu ukutani) zilizoingia kwenye tofali lenyewe, maana plasta peke yake hung'oka kama ganda la muhogo. Najua mwenye nyumba wako atalalamika. Matundu mawili ya skrubu yanazibika siku ya kuhama.

Tundu la hewa lifunike kwa wavu mgumu wa chuma wenye macho ya sentimita moja: mguu hauingii, hewa inapita. Wavu mwembamba sana kama wa mbu utaleta mlio wa kupuliza, usiutumie. Wufa na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, nazo zipate wavu wa chuma badala ya kitambaa kitupu.

Kama ampli, yaani kikuza sauti, iko ndani ya boksi, kumbuka kuna umeme wa volti 230 nyuma ya kibao chake, na kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi chaji, hubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Kibao kifungwe kwa skrubu zote, si mbili za kuzugia.

Kukata MDF ni kazi ya nje, watoto wakiwa mbali na wewe ukiwa na barakoa, kwani vumbi la mbao linahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Lehemu yenye madini ya risasi isiyeyushiwe jikoni.

Limebaki dogo kuliko yote. Bodi za ampli zinazouzwa Kariakoo mara nyingi huja na rimoti nyembamba yenye betri bapa kama sarafu, na kidroo chake huchomoka kwa ukucha. Betri hiyo ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu kaimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Rimoti ya nyumbani kwangu imezungushiwa selotepu mara nne. Mke wangu anasema inaaibisha wageni.