Kabla ya kiyoyozi, tazama dirisha na paa

Wateja wengi wanaotaka nyumba isiyo na joto huanza kwa kuniuliza ukubwa wa kiyoyozi. Mimi huanza kwa kuuliza kitanda kitakaa wapi na upepo unatokea upande gani.

Kwenye mji wa joto na unyevunyevu, kipimajoto hakisemi yote. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na hewa iliyojaa mvuke hailikaushi upesi. Ndipo fukuto linapomchosha mtu. Dawa yake ni upepo unaogusa ngozi: mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi 2 au 3 hivi.

Kwa hiyo siyapendi madirisha ya vioo vya kusukuma, na huwa nawaambia wateja waziwazi. Ulifungue mpaka mwisho, nusu yake bado imezibwa na kioo, kisha wavu wa mbu unapunguza hata hicho kidogo kilichobaki. Luva, yaani dirisha la vibao vyembamba vinavyogeuka, au dirisha la bawaba huachia karibu nafasi yote. Kizingiti nacho kishuke hadi usawa wa kitanda, maana upepo unaopita juu kwa juu haumfikii aliyelala. Halafu hewa ipate pa kutokea upande wa pili, walau matundu juu ya mlango. Bila hivyo haiingii, hata dirisha liwe kubwa namna gani.

Paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote, hasa karibu na ikweta. Bati huweza kupita nyuzi 60, likaunguza dari, na dari ikammulika joto aliye chini yake. Lipake rangi nyeupe, weka karatasi ya alumini chini yake na uache nafasi ya hewa. Paa la zege lisilo na kivuli hufyonza jua mchana kutwa na kulitoa saa za kulala. Sehemu kavu usiku hupoa sana, zege na kuta nene zikapoa nazo. Penye unyevunyevu joto la usiku halishuki kiasi hicho, kwa hiyo zege hubaki na joto lake.

Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Magharibi weka stoo, ngazi au bafu, kwa sababu jua la saa kumi huja kwa chini na upenu haulizuii. Kama kiwanja hakiruhusu, funga vibao vya wima nje ya dirisha. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwani joto limekwisha kuvuka kioo.