Poti iko wazi, geti si lako

Shangazi yangu anakaa Nyegezi, Mwanza. Marehemu baba alikuwa na kamera ya kanda, na miaka ya 1990 alirekodi ngoma nyingi kule kwetu Mvumi. Kwenye kanda moja shangazi yumo katika mstari wa mbele wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ameibana ngoma yake magotini, bado msichana. Nilizihamisha kanda zote kwenye diski ya 4 TB, nikaweka Jellyfin, programu ya kutazamia video zako mwenyewe kwa mtandao, kwenye kompyuta ya zamani hapa nyumbani Ilazo, Dodoma, na kila mwenye simu ndani ya nyumba akawa anatazama. Shangazi akataka kutazama akiwa kwake. Nikampa anwani. Baada ya dakika tano akanipigia: "Mwanangu, mbona kinazunguka tu?"

Kazi yangu ni mitandao, na swali hilo naulizwa na wateja karibu kila mwezi, wa Kisasa, wa Nzuguni, hata wa Manyoni. Wote wamesoma maelekezo yale yale: ingia kwenye ruta, fungua poti 8096, yaani mlango wenye namba ambao Jellyfin inausikiliza, ielekeze kwenye kompyuta yako, basi. Wamefanya hivyo sawasawa. Hakuna kinachofunguka, nao wanadhani wamekosea.

Hawajakosea. Fikiria nyumba ya kupanga kule Chang'ombe, vyumba kumi, geti moja. Unaweza kuacha mlango wa chumba chako wazi usiku kucha, lakini mgeni akifika getini akasema tu "nimekuja," mlinzi hajui ampeleke chumba kipi, kwa hiyo anamrudisha. Mitandao mingi ya simu, na baadhi ya faiba za majumbani, iko hivyo. Anwani za IPv4, namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, zina biti 32, yaani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, inayozigawa kwa Afrika, iliingia awamu ya pili ya kuishiwa Januari 2020. Kwa hiyo mtoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta yako inapewa anwani ya ndani tu.

Kujua kama uko humo ni kazi ya dakika moja. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya geti. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikianza na 10, au ikitofautiana na ile ambayo tovuti za nje zinakuonyesha, jibu ni lile lile. Acha kuhangaika na ruta.

Geti halimzuii wa ndani kutoka. Hapo ndipo VPN inapoingia, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti. Kompyuta ya nyumbani inatoka yenyewe, inachimba handaki hadi kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake ya umma, na poti inafunguliwa kule kwenye seva. Mgeni anabisha hodi kule, anapitishwa handakini, anatokea sebuleni kwako. Mimi natumia WireGuard, programu ya VPN ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya mfumo wa Linux wenyewe kuanzia toleo 5.6. Upande wa nyumbani weka PersistentKeepalive = 25, ili kila sekunde 25 pakiti ndogo, yaani kifurushi cha data, itoke na geti lisisahau kwamba kuna mazungumzo yanaendelea. Bila mstari huo handaki litafanya kazi mchana ukiwa unalijaribu, halafu usiku kila mtu akinyamaza linazibika.

Wapo wanaonunua VPN ya kibiashara wakitegemea kufunguliwa poti kule. Mullvad walikuwa nayo, wakaiondoa 1 Julai 2023 kwa sababu ya matumizi mabaya. Proton wanayo bado, ila poti ni ya kuazima na inabidi programu iombe upya kila mara, nayo inaweza kubadilika. Huwezi kumpigia shangazi kila wiki kumpa namba mpya. Kwa seva ya nyumbani sishauri njia hiyo.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonila usiku wa siku tatu, kwa sababu maelekezo mengi yanaipita mbio. Handaki lipo. Ukiwa kwenye seva ya kukodi, 10.8.0.2, yaani kompyuta ya nyumbani, inaitika. Umeweka kanuni ya kuelekeza poti na umewasha net.ipv4.ip_forward, inayoiruhusu seva kupitisha pakiti za wengine. Mtu wa nje akijaribu, kimya.

Kinachotokea ni hiki. Seva inapoelekeza pakiti, inabadilisha inakokwenda lakini haigusi ilikotoka. Pakiti inafika nyumbani ikiwa bado na anwani ya simu ya shangazi. Na WireGuard ina msimamo: pakiti yoyote itokayo handakini ikiwa na anwani ya mtumaji isiyomo kwenye AllowedIPs, orodha yake ya anwani zinazoruhusiwa, inatupwa. Ukiwa umeandika 10.8.0.0/24 peke yake, yaani anwani za handaki tu, Jellyfin haitaiona kabisa pakiti hiyo. Basi unapanua hadi 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, na mambo yanakubali, ila sasa intaneti yote ya kompyuta hiyo inapita kwenye seva ya kukodi, hata masasisho yake. Ukikwepa hilo kwa Table = off, inayoizuia WireGuard kubadilisha njia za kompyuta, pakiti itaingia, Jellyfin itajibu, lakini jibu litatokea mlango wa kawaida, kupitia ruta na geti. Simu ya shangazi iliuliza kwa anwani moja, inajibiwa na nyingine isiyoijua. Inalitupa jibu.

Jibu lazima lirudi kwa njia swali lilikopitia. Njia tatu zinafanikisha hilo. Ya kwanza ni kuifanya seva ijitambulishe yenyewe kama mtumaji, kwa kanuni ya MASQUERADE. Ni rahisi, lakini Jellyfin itawaona wageni wote kama 10.8.0.1, yaani seva yenyewe, na siku mtu mbaya akijaribu manenosiri hutamtofautisha na ndugu zako. Ya pili ni jedwali la pili la njia nyumbani: kila kinachotoka kwa 10.8.0.2 kirudi handakini, vingine vyote viende kama kawaida. Hii ni safi, na nilikaa nayo miezi kadhaa.

Ya tatu ndiyo ninayowawekea wateja siku hizi. Kwenye seva ya kukodi naweka Caddy, programu ya kupokea maombi ya tovuti, ipokee wageni kwenye poti 443, ijipatie cheti cha Let's Encrypt cha kuficha mazungumzo, kisha yenyewe ndiyo iende kuzungumza na nyumbani kwenye 8096. Kwa kuwa mzungumzaji ni seva, AllowedIPs inabaki finyu na jibu halipotei. Anwani halisi ya mgeni inasafiri ndani ya kichwa cha ombi, mradi uitaje Caddy kwenye Jellyfin kama mpatanishi anayeaminika. Na nenosiri la shangazi halipiti mtandaoni likiwa uchi, jambo ambalo poti 8096 tupu haikupi.

Seva hiyo iwe wapi? Watu hukodi Ujerumani kwa sababu ya bei. Kumbuka basi kwamba video ya kutoka Dodoma kwenda Mwanza itashuka Dar es Salaam, ivuke bahari hadi Ulaya, irudi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, intaneti yetu yote iliyumba. Ukipata seva ya ndani ya nchi, lipa tofauti ya bei. Na kama watazamaji ni ndugu wachache wenye simu zao, waingize wote kwenye VPN kwa Tailscale, programu inayoziunganisha simu na kompyuta zako zenyewe, usifungue poti yoyote. Ikifanikiwa kuziunganisha simu na kompyuta moja kwa moja, video haihitaji kupita kwa mtu wa tatu. Kwa shangazi sikuiweka kwa sababu siku hizi anatazama kwenye runinga ya jirani, si kwenye simu.

Kisheria, handaki lako mwenyewe ni VPN pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kuwasilisha taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Mimi hukamilisha hilo na mteja kabla sijagusa waya.

Pima pia kasi ya kupandisha, si ya kushusha peke yake. Faili la 8 Mbps (megabiti kwa sekunde) halipiti kwenye laini inayopandisha 5. Kwenye Jellyfin nimeweka kikomo cha 3 Mbps kwa walio nje. Kanda za zamani hazipotezi kitu, na saa moja inakula kama 1.35 GB ya bando la mtazamaji badala ya 3.6.

Juzi umeme ulikatika hapa Ilazo saa mbili usiku. Uliporudi, kompyuta ikajiwasha, maana nimeiagiza hivyo kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Ruta ilipewa anwani nyingine, na haikuwa shida, kwa kuwa nyumbani ndiko kunakoanza kuita. Dakika chache baadaye simu ikalia. Shangazi alikuwa ameshamaliza ile ya muheme na anataka ya harusi ya mdogo wake. Hiyo kanda bado iko kwenye boksi.