John Willes, mchezaji wa ridhaa aliyeinua mkono

Kazi yangu ni kufundisha urushaji wa kriketi, kwa hiyo deni langu kwa huyu bwana ni kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mpira ulirushwa chinichini, mkono ukipita karibu na goti, na wapigaji hodari walikuwa wameuzoea hadi kuwatoa ikawa kazi.

Willes, mtu wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, alicheza kwa ridhaa, bila malipo. Mwaka 1807, katika mechi ya Penenden Heath, aliunyoosha mkono pembeni karibu usawa wa bega, akavurumisha mpira.

Kuna hadithi tamu kwamba aliiga kwa dada yake, ambaye sketi yake pana ilimzuia kurusha kwa chini. Mimi siiamini: miaka ile fasheni ilikuwa gauni jembamba. Isitoshe, Tom Walker wa klabu ya Hambledon alishaujaribu mtindo huo, akakatazwa. Willes namsifu kwa ukaidi.

MCC, klabu ya London iliyotunga sheria za mchezo, iliupiga marufuku mtindo huo mwaka 1816. Willes hakujali. Tarehe 15 Julai 1822 akaichezea Kent dhidi ya MCC wenyewe, kwao, uwanja wa Lord's. Mwamuzi Noah Mann akaukataa mpira wake. Inasimuliwa kwamba Willes aliutupa mpira chini kwa hasira, akapanda farasi, akaondoka moja kwa moja.

Aliweza, maana mkate wake haukutegemea kriketi. Waliobaki kuipigania njia yake ni William Lillywhite na Jem Broadbridge wa Sussex, wachezaji wa kulipwa. Baada ya mechi za majaribio za 1827, MCC wakaruhusu mkono kufika usawa wa kiwiko mwaka 1828, kisha usawa wa bega mwaka 1835. Willes alifariki 1852. Jiwe la kaburi lake, Sutton Valence, linamtaja kuwa mwanzilishi.

Kupita bega ilikuwa vita nyingine. Mwaka 1862, uwanja wa Oval, Edgar Willsher, naye wa Kent, alikataliwa mipira sita mfululizo. Mwamuzi? John Lillywhite, mtoto wa William yuleyule! Safari hii waliotoka uwanjani ni Willsher na wenzake wa kulipwa. Wakabaki wawili wa ridhaa wamesimama. Kesho yake akawekwa mwamuzi mwingine, na sheria ikabadilishwa 1864, mkono ukaruhusiwa kupita bega.