Hoja iliyojibiwa si hoja iliyofungwa

Leja ya stoo ya shule ni daftari la kawaida. Ina safu ya tarehe, ya kilichoingia, ya kilichotoka, ya salio, na nafasi ya sahihi. Katika miaka yangu ya ukaguzi nimefungua leja nyingi sana, na moja bado iko kichwani mwangu mpaka leo.

Niliifungua katika shule ya msingi iliyo juu huko migombani, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Moshi mjini. Halmashauri yake sitaitaja. Serikali ilikuwa imeleta pesa za madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kutafuta fundi wa palepale badala ya kazi kupewa mkandarasi. Hati ya malipo ilisema mifuko 180 ya saruji. Hati ya mapokezi ilisema 180. Leja ilionyesha imeingia 180, na mstari wa chini yake, tarehe ileile, imetoka 180, "kwa fundi", sahihi moja. Salio sifuri.

Saruji haitoki stoo namna hiyo. Msingi una siku yake, lenta ina siku yake, lipu na sakafu vivyo hivyo. Leja ya ujenzi wa kweli inatoa mifuko sita leo, kumi keshokutwa, mitatu ya kumalizia wiki ijayo. Nikamwomba mwalimu wa stoo twende darasani. Nikakwangua ukuta kwa ufunguo wa gari, mchanga ukachuruzika mpaka chini. Fundi tulimkuta nyumba ya pili akijenga kwa mtu. Akasema bila kusita, "Mama, mimi nilipewa mia na ishirini. Nikaambiwa nibane mpaka kazi iishe."

Mifuko 60, kwa bei iliyoandikwa kwenye hati, shilingi 16,500 kila mmoja, ni shilingi 990,000. Tukaandika hoja, yaani dosari ya ukaguzi ambayo halmashauri inatakiwa kuijibu kwa ushahidi.

Naanza na mifuko hiyo kwa sababu kila Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishasomwa, nikienda sokoni Mbuyuni naulizwa swali lilelile: mama, hela zinaliwa na Bunge lipo, linafanya nini hasa? Nataka kujibu kwa kueleza safari ya hoja kama ile, kuanzia ukuta unaomwagika mchanga mpaka ukumbi wa Dodoma, na mahali inapofia njiani.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Halmashauri ina miezi mitatu ya kufunga vitabu na kumkabidhi mkaguzi. Mkaguzi anapita kwenye hati za malipo, mikataba, stakabadhi, mishahara, na anakwenda kwenye miradi yenyewe. CAG anatakiwa amkabidhi Rais ripoti kabla Machi haijaisha. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti hiyo iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu mkutano wa Bunge uanze, na Rais asipofanya hivyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Kifungu hicho nakipenda kuliko vyote vya kazi yetu. Maana yake ni kwamba hakuna mtu, hata aliye juu kabisa, anayeweza kuikalia ripoti.

Siku ya kuwasilishwa ndiyo siku ya kelele. Magazeti yanabeba mabilioni, redio zinachambua, vijiweni watu wanapandwa na hasira. Lakini siku ile Bunge halijajadili chochote. Ripoti inapelekwa kwenye kamati: PAC inashughulikia hesabu za Serikali Kuu, LAAC inashughulikia Serikali za Mitaa, na PIC inaangalia mitaji ya umma iliyowekezwa kwenye mashirika. Kamati zinaita watu, zinahoji, zinakwenda kukagua miradi, kisha zinarudi na taarifa zao bungeni, kwa kawaida Novemba. Piga hesabu hapo. Shilingi iliyotumika Julai 2021 imo kwenye ripoti aliyopewa Rais Machi 2023, ikasomwa bungeni Aprili, ikajadiliwa Novemba 2023. Miezi 28. Kwa muda huo mkurugenzi aliyeidhinisha malipo amekwishahamishwa mara moja au mbili, mweka hazina yuko mkoa mwingine, na darasa limekwishapakwa rangi.

Hapa niseme kidogo kuhusu hati safi, maana inawachanganya hata watu waliosoma. Mkaguzi anatoa maoni ya aina nne: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na pale anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka. Hati inayoridhisha ndiyo wanayoiita safi, na halmashauri zinaipokea kwa vigelegele. Inachosema ni kwamba taarifa za hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuaminika. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Halmashauri yenye mifuko yangu 60 ilipata hati safi mwaka ule. Laki tisa na tisini elfu katika bajeti ya mabilioni haitikisi maoni ya mkaguzi. Wanafunzi wanaokaa chini ya ukuta ule inawatikisa.

Sasa tuingie kwenye chumba cha kamati. Nimekaa humo mara kadhaa, upande wa wakaguzi, nikiwa na mafaili magotini. Mbele yupo mwenyekiti na wajumbe. Mkabala wao anakaa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri au katibu mkuu wa wizara, na nyuma yake wakuu wa idara wamebeba makabrasha. Mtu huyo ndiye anayebeba mzigo wote kisheria. Hawezi kusema ni kosa la mhasibu. Anachoweza kusema, na nimekisikia mara nyingi mno, ni "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeripoti kituoni hivi karibuni." Nguvu ya kamati inaonekana pale pale. Mjumbe dhaifu anakubali na kupita hoja inayofuata. Mjumbe anayejua kazi anauliza kuhusu makabidhiano ya ofisi, anataka kuona ukurasa hoja hii ilipoandikwa.

Mwenyekiti wa PAC na wa LAAC kwa desturi hutoka upinzani, utaratibu tuliourithi Uingereza, ambako kamati ya hesabu za umma iliundwa mwaka 1861. Sababu yake ni ya akili tu: anayekagua matumizi asiwe mtu wa nyumba iliyotumia. Sisi wa Kilimanjaro tumetoa wawili niliowaheshimu katika kazi hiyo. Marehemu Augustino Mrema aliongoza LAAC alipokuwa mbunge wa Vunjo, na Naghenjwa Kaboyoka aliongoza PAC alipokuwa mbunge wa Same Mashariki.

Tatizo la LAAC ni wingi wa kazi. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184. Kilimanjaro peke yake ina saba, Arusha saba. Kamati haiwezi kuziita zote kwa mwaka, inachagua. Halmashauri isiyoitwa inapumua. Na wabunge wenyewe ni wajumbe wa mabaraza ya madiwani ya kwao, kwa hiyo anayehoji leo Dodoma alikaa kwenye kikao kilichopitisha matumizi ya namna hiyohiyo nyumbani. Simshuku mtu, lakini mambo hayo yanapunguza makali.

Ule upande mwingine wa kazi ya Bunge, wa kuidhinisha kabla ya kutumia, watu wanaufahamu zaidi kwa sababu unaonekana kwenye luninga. Kila wizara na kila mkoa una fungu lake la bajeti lenye namba: Arusha ni Fungu 70, Kilimanjaro Fungu 75. Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, linapitia fungu kwa fungu, na mbunge asiyeridhika anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Mara nyingi shilingi inarudishwa jioni ileile. Kuikataa bajeti nzima ni jambo zito, kwa kuwa Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likifanya hivyo. Ndiyo maana nasema meno ya kweli ya Bunge yako kwenye hesabu zilizokwisha kutumika. Huko hakuna tishio la kuvunjwa, kuna nyaraka tu na mtu wa kuzijibia.

Na wasomaji wangu wa Arusha, mna Bunge jingine hapo mjini. Bunge la Afrika Mashariki, ambako kila nchi inachagua wabunge 9, linapitisha bajeti ya Jumuiya na kupokea ripoti ya Tume ya Ukaguzi inayoundwa na wakaguzi wakuu wa nchi wanachama. Lina Kamati yake ya Hesabu. Kazi ni ileile, na hoja zinazorudi mwaka baada ya mwaka ni ugonjwa uleule.

Turudi kwenye saruji. Majibu ya hoja yetu yalikuja ndani ya muda. Barua ya ukurasa mmoja: "Hoja imejibiwa. Leja imehuishwa na kiambatisho kimeletwa." Kiambatisho kilikuwa nakala ya ukurasa uleule wa leja. Safari hii mifuko 180 ilikuwa imetoka kwa siku nane tofauti, mwandiko mmoja, kalamu moja, na ule mstari wa kwanza ulikuwa umefutwa kwa rangi nyeupe. Tulikataa, hoja ikabaki wazi. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alikuwa amestaafu. Mwaka wa tatu leja haikuonekana, na fundi alikuwa amehamia Tanga. Kwenye jedwali la utekelezaji, mbele ya hoja yetu, pakaandikwa maneno matatu: imepitwa na wakati.

Jedwali hilo lipo katika kila ripoti ya CAG, na ndilo ninalotaka ulisome kabla ya kitu kingine chochote. Linayagawa mapendekezo ya miaka ya nyuma katika mafungu: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, na yaliyopitwa na wakati. Hoja kujibiwa maana yake mtu ameandika barua. Hoja kufungwa maana yake mkaguzi amehakiki na kuridhika. Na hata iliyofungwa, uliza imefungwa kwa kitu gani: pesa imerudishwa benki, au nyaraka imepatikana, au ameletewa ahadi? Kamati ya Bunge isiyouliza swali hilo inaacha hoja izeeke hadi ife yenyewe.

Mwishoni mwa 2018, Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kuhusu mambo ya ripoti zake kutofanyiwa kazi, akajibu kwamba kwa mtazamo wake huo ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa kwenye kamati ya maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huohuo hakuendelea na kipindi cha pili. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Iliniuma sana. Mkaguzi na kamati za Bunge ni kama mkono na jembe. Wakikosana, shamba halilimwi, na hasara inamwendea yule mtoto wa darasa lenye mchanga.

Nimeona pia Bunge likifanya kazi mpaka mwisho. Novemba 2014 PAC ilileta bungeni suala la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza pesa za mgogoro wa umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu. CAG alikuwa amefanya ukaguzi maalum, kamati ikasoma nyaraka kwa nyaraka, ikaita mashahidi, na wabunge wa vyama vyote wakatoka na maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Hata ripoti za hivi karibuni zimeleta mabadiliko: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ilisitishwa Aprili 2023 baada ya wakaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mwingine.

Usisubiri Dodoma. Kila mwaka, kati ya Mei na Juni, halmashauri inaitisha kikao maalum cha Baraza la Madiwani kujadili hoja za CAG, na Mkuu wa Mkoa huhudhuria. Kikao kiko wazi kwa wananchi. Tangu nistaafu nakwenda, nakaa viti vya nyuma na ripoti yangu mkononi.

Kwenye kimoja cha vikao hivyo mkuu wa idara alikuwa anasoma haraka, "hoja namba 14, imefungwa, namba 15, imefungwa." Diwani mmoja, mama mtu mzima wa kata ya milimani, akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hiyo ya 14. Imefungwa kwa karatasi gani?" Ukumbi ukanyamaza. Mkurugenzi akamgeukia mweka hazina, mweka hazina akapekua kabrasha, akapekua tena. Mwenyekiti akaamuru hoja irudishwe kuwa wazi mpaka ushahidi uletwe. Wiki mbili baadaye mama yule akanipigia simu. Walikuwa wameleta stakabadhi ya benki, pesa imewekwa siku tatu baada ya kikao.

Nikamwomba anisomee kiasi. Kilikuwa kamili.